Mtoto hatakwambia kwamba haoni ubao

Hii ni hotuba niliyoitoa kwenye kikao cha wazazi wa shule moja ya msingi huku Buhongwa, Mwanza. Kuna wazazi hawakuwepo wakaniomba niiandike, kwa hiyo nimeiandika kama nilivyoongea, na maswali ya wazazi nimeyaacha humohumo yalipoingilia.

Mwangaluka mayu, mwangaluka baba! Shikamooni wakubwa zangu. Mwalimu mkuu, mwenyekiti wa kamati ya shule, walimu, wazazi wenzangu, asanteni kwa kunipa nafasi. Mimi kazi yangu ni kupima macho, na wanaonijua mitaa hii wananijua kwa kupima watoto zaidi kuliko watu wazima. Nimeona kwenye ratiba nimewekwa kabla mwalimu wa taaluma hajagawa matokeo, na nimefurahi sana, kwa sababu kuna wazazi humu watapokea karatasi yenye alama mbaya na wakifika nyumbani mtoto atachapwa, sasa mimi naomba hivi, kabla hujamchapa mtoto kwa ajili ya hesabu hakikisha kwanza kama hizo hesabu alikuwa anaziona.

Niwaonyeshe kitu. Mwalimu wa darasa la nne kanipa daftari moja, jina nimelifunika, lizungusheni taratibu mliangalie. Ukurasa wa kushoto ni kazi waliyoifanya kutoka kwenye kitabu, maswali kumi, kapata tisa. Ukurasa wa kulia kazi iliandikwa ubaoni, maswali kumi, kapata matatu. Zimepishana siku moja tu, mtoto yuleyule, mada ileile. Sasa msiangalie vema na kosa, angalieni swali lenyewe alivyolinakili. Ubaoni mwalimu aliandika 346 kutoa 118, huyu kaandika 340 kutoa 113, na jibu kaweka 227. Pigeni hesabu hapo mlipo, 340 ukitoa 113 ni 227! Lingine ubaoni ni 36 mara 6, yeye kaandika 36 kujumlisha 6, jibu 42, sahihi kabisa. Yaani huyu mtoto hesabu anajua, kila swali alilolinakili kalifanya sawasawa, ila sio swali aliloulizwa. Na mwalimu mwenye darasa limejaa mpaka madirishani ataweka kosa tu, hawezi kukaa na kila daftari aanze kulinganisha na ubao ambao ameshaufuta.

Walimu wangu, hiki kipimo hakihitaji mashine. Mtoto ambaye ya kitabuni anapata ya ubaoni anakosa, mtoto ambaye makosa yake yote yanafanana na makosa ya jirani yake kwa sababu ananakili kwa jirani, huyo mlete.

Mtoto mwenyewe hatakwambia. Hii naomba muielewe vizuri maana wazazi wengi wanasema si angesema? Angesemaje? Hajui mwenzake anaonaje. Shida hii haiji siku moja, inakuja kidogokidogo, mwaka huu ubao una ukungu kidogo, mwakani umezidi, na yeye anadhani ndo ubao ulivyo kwa kila mtu na kwamba wenzake wana akili ya kubahatisha kuliko yeye. Watoto wengi ninapowavalisha lenzi za majaribio kwa mara ya kwanza hawaangalii hata chati yangu, wanaangalia dirishani. Kuna binti mmoja wa huku milimani nilimwambia angalia kule nje, akayakazia macho yale mawe makubwa kwa muda, alafu akamuuliza mama yake, kumbe mijusi ndo inakaga pale juu? Wale mijusi wenye vichwa vyekundu wa kwenye mawe yetu, kakua nao nyuma ya nyumba yao na alikuwa hajawahi kuwaona akiwa mbali nao. Mama yake alilia pale ofisini.

Sasa jicho linakuwaje. Wote mmewahi kuingia kibanda umiza kuangalia mpira, au hata kuchungulia mlangoni. Projekta inarusha picha ukutani, jamaa anazungusha lenzi mpaka picha inakaa sawa. Ule ukuta ukisogezwa nyuma na projekta ikabaki palepale picha inaingia ukungu, na hapo projekta haijaharibika, taa haijaungua, ni ukuta tu uko mbali kuliko inavyotakiwa. Jicho la mtoto asiyeona mbali liko hivyo, limerefuka. Kule nyuma ndani kuna utando unaoitwa retina ndo unaopokea picha, sasa jicho likirefuka picha inakaa sawa kabla haijafika kwenye retina, ikifika pale imeshatawanyika. Vitu vya karibu anaviona vizuri tu, ndo maana mtoto huyuhuyu anakusomea meseji zote kwenye simu yako na wewe unasema huyu macho mazima anajifanya. Hajifanyi.

Jicho la mtoto mchanga lina urefu wa kama milimita 17 kutoka mbele mpaka nyuma, la mtu mzima kama 24, kwa hiyo kukua ni kawaida, shida ni pale linapozidisha. Likizidi milimita 1 tu, hiyo ncha ya kalamu, namba ya miwani inakuwa kama mainasi 2.50 mpaka mainasi 3. Na mainasi 3 maana yake anaona sawasawa mpaka sentimita 33 kutoka usoni, urefu wa rula ya shule na kidogo, kinachozidi hapo kinaanza kuwa na ukungu. Fikiria ubao uko wapi. Miwani ya mainasi lenzi yake imebonyea katikati, inairudisha ile picha nyuma ikae kwenye retina, kazi yake ndo hiyo tu. Hajalogwa jamani, nasema hivi kwa sababu kuna watoto wameletwa kwangu wakiwa wameshazungushwa kwa waganga, na wengine wamewekewa vitu machoni, majani, maziwa ya mama, sijui nini, mtoto alikuwa haoni mbali tu sasa ana kidonda kwenye kioo cha jicho, kile cha mbele kinachopitisha mwanga, na kidonda hicho kikipona kinaacha kovu ambalo miwani haiwezi kulirekebisha.

Watu wananiambia hii ni shida ya Wachina au ya watoto wa matajiri. Mwaka 2002 ulichapishwa utafiti wa wanafunzi wa sekondari wa hapahapa Mwanza mjini. Walipimwa wanafunzi 2,511. Waliokuwa na tatizo kubwa la kuhitaji miwani ni asilimia 6.1, na karibu wote hao tatizo lao ni kutoona mbali, asilimia 5.6. Shule za msingi inakuwa chini ya hapo kwa sababu inaongezeka na umri. Ukilinganisha na miji ya Asia Mashariki, ambako kijana akimaliza sekondari wanane au tisa katika kumi hawaoni mbali, sisi bado tuko vizuri. Ila kwenye utafiti uleule wa Mwanza kuna namba nyingine ndo inaniuma: katika wale wenye tatizo, waliokuwa tayari wana miwani ni asilimia 30.3 tu. Katika kila kumi, saba walikuwa wamefika sekondari bila kuona ubao, na wengine walioishia njiani hawakuwepo hata kuhesabiwa. Na wanafunzi wale leo ni watu wazima wenye watoto, inawezekana mmo humu ndani, na mzazi asiyeona mbali mtoto wake yuko kwenye hatari zaidi, wazazi wakiwa wote wawili ndo zaidi. Kwa hiyo baba unayefinya macho sasa hivi kuniangalia, nakuona, mwanao aanze leo na wewe ufuate.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe lililonileta, miwani kuvaliwa. Mwaka 2008 ulichapishwa utafiti mwingine, huu wa Dar es Salaam, wanafunzi wa kidato cha kwanza. Kuna shule wenye tatizo walipewa miwani bure, na kuna shule walipewa karatasi ya vipimo wakanunue wenyewe. Baada ya miezi 3 wakafuatiliwa. Waliopewa karatasi, wanaotumia miwani ni asilimia 26. Waliopewa bure, asilimia 47. Wale wa karatasi naelewa, hela ya kula haijatosha. Lakini hawa wa bure, zaidi ya nusu miwani imeenda wapi? Mimi najua ilipo maana naikuta kila siku. Iko kwenye kabati la mama, imeviringishwa kwenye kitenge, inasubiri siku ya mtihani. Iko chini ya begi kwa sababu darasani wanamuita bibi. Iko juu ya friji kwa sababu shangazi alikuja kutoka Sengerema akasema mtoto mdogo hivi miwani ya nini, mkimzoesha macho yatalegea. Huyo shangazi ana upendo, simlaumu, lakini hapo kamfungia mtoto mlango.

Mama mmoja hapa akanyoosha mkono akasema, lakini mwanangu alianza na namba ndogo, kila mwaka inapanda, miwani si ndo inamvuta macho? Nikamwambia mama yangu asante, umeuliza kwa niaba ya wengi. Namba inapanda kwa sababu mtoto anakua na jicho linazidi kurefuka, lingerefuka hata bila miwani, ila bila miwani usingejua kwa sababu hakuna anayepima. Inaanza sana kati ya miaka 6 na 14 na inaendelea mpaka kama miaka ya mwisho ya ujana, kwa wengi ikifika ishirini na kitu inatulia. Na mtasema, akiivua anaona vibaya kuliko zamani, si ndio? Hapana, anaona vilevile, ila zamani ubongo ulikuwa haujui kuona vizuri kunafananaje na sasa unajua, hauwezi tena kuridhika na ukungu. Kuna watu walidhani ukimpa mtoto miwani dhaifu kidogo kuliko anayohitaji jicho litajitahidi lenyewe. Huko Malaysia walijaribu, matokeo yakatoka 2002, wale waliopewa miwani pungufu macho yao yaliharibika haraka kuliko waliopewa namba kamili. Kwa hiyo ukienda sehemu wakakwambia tumempunguzia ili asizoee, chukua mtoto wako uende kwingine.

Na faida yake sio ya kufikirika. Vijijini magharibi mwa China watoto wa darasa la nne na la tano wasioona mbali walipewa miwani bure, wakalinganishwa na ambao hawakupewa, matokeo yakachapishwa 2014, waliopewa miwani hesabu zao zilipanda. Hakuongezwa mwalimu wala kitabu. Wazazi mnalipa tuisheni kila mwezi kumpandisha mtoto alama, na huyo mtoto wa tuisheni anakaa nyuma kwenye kibanda chenye taa moja anaangalia ubao asiouona, hela inaenda.

Namba ikiwa ndogo sana mpimaji anaweza kusema avae darasani na akiangalia mbali, kitabuni avue. Ikiwa ya kutosha anavaa akiamka anavua akilala. Michezoni pia avae, na hapa chagua lenzi ya plastiki, usikubali ya kioo, mpira ukimpiga usoni kioo kinavunjikia machoni. Fremu ikae vizuri puani, isimlegee akawa anachungulia juu yake, na mpeleke kupima tena kila baada ya miezi 6 au mwaka, sio asubiri mpaka imevunjika. Usimpe miwani ya bibi yake ya kusomea, wala ile ya kwenye meza za barabarani unajaribu mwenyewe, ile ni ya plasi, ni ya watu wa umri wetu kusomea, kwa mtoto asiyeona mbali inazidisha ukungu.

Baba mmoja wa kule nyuma, wa bodaboda, akauliza, je kuna kuzuia isianze kabisa, maana nina wadogo wawili nyumbani, na hii simu ndo inaleta? Swali zuri, na hapa nitakaa kidogo.

Kuzuia kupo, na ni bure, ni kuwa nje mchana. Mwaka 2008 ulichapishwa utafiti walilinganisha watoto wa miaka 6 na 7 wenye asili ya Kichina, wengine wanaishi Singapore wengine Sydney, Australia. Damu moja, na wazazi wa pande zote mbili wasioona mbali walikuwa wanakaribiana kwa wingi. Singapore waliokuwa hawaoni mbali ni asilimia 29.1. Sydney asilimia 3.3. Mtu atasema wa Singapore wanasoma sana, lakini wa Sydney ndo walikuwa wanasoma vitabu vingi zaidi kwa wiki! Tofauti kubwa ilikuwa nje: Sydney saa 13.75 kwa wiki, Singapore saa 3.05. Baadaye Guangzhou, China, wakachukua watoto wa darasa la kwanza, shule nyingine wakaongeza kipindi kimoja cha dakika 40 nje kila siku ya shule, nyingine wakaacha kama zilivyo, wakafuatilia miaka 3. Matokeo ya 2015: palipoongezwa, waliopata tatizo asilimia 30.4, pasipoongezwa asilimia 39.5. Dakika 40 tu. Taiwan wao tangu 2010 shule za msingi zinahimizwa watoto wapate dakika 120 nje kwa siku, mapumziko wanahimizwa watoke darasani.

Kinachofanya kazi kubwa ni mwanga. Darasani au sebuleni mwanga ni kama luksi 300 mpaka 500, luksi ndo kipimo cha mwanga, nje chini ya mwembe ni maelfu, juani ni makumi elfu mpaka laki. Mwanga mkali unaifanya retina itoe kemikali inaitwa dopamini, na hiyo ndo inaonekana kulizuia jicho lisirefuke ovyo. Sio lazima achomwe na jua, kivulini kunatosha, kofia avae, na asiliangalie jua moja kwa moja, hilo linaunguza retina. Kwa hiyo sio lazima awe anakimbia, hata akikaa chini ya mti kusoma hadithi ni afadhali kuliko kusoma chumbani.

Sasa angalieni tunavyoishi. Sisi jua tunalo mwaka mzima, na wazee wetu walikua wanachunga ng'ombe kutwa wakiangalia mbali, leo mtoto wa Mwanza anaamshwa saa kumi na moja alfajiri, basi la shule linamzungusha Nyegezi, Mkolani, Buhongwa, anaingia darasani, mapumziko anaambiwa mkae ndani mmalizie kazi, anatoka saa tisa anaingia tuisheni, anafika nyumbani jua limezama, anapewa homuweki, Jumamosi tuisheni tena. Jua analiona dirishani mwa gari. Wakati huohuo mtoto wa shule ya kata ambaye tunamuonea huruma anatembea kwa miguu kwenda na kurudi, na kwa upande wa macho yeye ndo kajiokoa. Naongea kwa uchungu kwa sababu mtihani wa darasa la nne na la saba umetufanya tuamini kila dakika ya kucheza ni dakika iliyopotea. Mwalimu mkuu, naomba mbele ya wazazi hawa, mapumziko watoto watoke wote, na ile adhabu ya kumnyima mtoto mapumziko tuitafutie adhabu nyingine. Nasema uwanjani jamani, sijasema mkawaache ziwani, kichocho kipo na maji yanaua.

Simu peke yake sio mchawi, kitabu kikishikiliwa puani ni yaleyale, shida ni kuangalia kitu cha karibu muda mrefu bila kupumzika na kwamba simu inamfungia ndani. Ila simu ina ubaya wake, kitabu kinachosha mtoto anaacha, simu haimchoshi. Shirika la Afya Duniani toka 2019 linasema mtoto chini ya miaka 2 asikae kwenye skrini kabisa, wa miaka 2 mpaka 4 isizidi saa 1 kwa siku, na pungufu ni bora. Mtoto aweke kiwiko mezani na ngumi shavuni, urefu huo ndo umbali wa kitabu au simu, isije karibu zaidi. Kila dakika 20 ainue macho aangalie mbali, nyie mnaokaa mlimani mna bahati, aangalie ziwa. Zile miwani za kuzuia mwanga wa simu mnazouziwa bei, hazizuii shida hii, nunueni matunda. Na karoti pia, nimeulizwa sana, vitamini A mtoto anaihitaji, akiikosa kabisa haoni usiku na kioo cha jicho kinaweza kuharibika, kwa hiyo mpe mchicha, maembe, viazi lishe, maini, dagaa na vichwa vyake, lakini jicho lililorefuka halifupishwi na chakula wala na mazoezi ya macho ya kwenye mitandao.

Nje kunazuia kuanza. Ikishaanza, nje bado ni kuzuri lakini peke yake hakutoshi kuisimamisha, na hairudi nyuma. Kwa wanaopanda haraka, mtoto kaanza na miaka 6 au 7 na kila mwaka anaongeza mainasi 1 nzima, sasa hivi duniani kuna njia za kupunguza kasi: matone ya atropini ya kiwango kidogo sana ya kila usiku, lenzi maalumu za miwani zenye vidoti vidogovidogo pembeni, na lenzi za kuvaa machoni, zingine za kulala nazo. Huku kwetu kupatikana ni shida na bei iko juu, sitawadanganya, lakini muulize daktari wa macho. Msiende duka la dawa kuomba atropini, ile ya kawaida ya hospitali ni ya nguvu mara nyingi zaidi, mtoto atashindwa hata kusoma na jua litamuumiza. Na tukiwa hapohapo duka la dawa, matone ya macho yenye steroidi, yale mnawapa watoto wanaowashwa macho kila msimu na wanaona raha siku ileile, ukiyatumia muda mrefu bila daktari yanaleta presha ya macho na mtoto wa jicho, na presha ya macho haiumi, inakula kuona kimyakimya mpaka inamaliza.

Kwanini tuhangaike na kasi? Kwa sababu jicho lililorefuka sana, mainasi 5, 6 na kuendelea, limetanuka na kule nyuma retina imekuwa nyembamba kama puto lililojaa, ukubwani retina hiyo inaweza kuchanika na kubanduka, au ikaja presha ya macho, au sehemu ya katikati ya kuonea ikachakaa. Miwani inampa kuona lakini haiondoi hatari hiyo, na upasuaji wa leza wa ukubwani unarekebisha mbele tu, jicho linabaki refu vilevile. Kijana wa namba kubwa akiona mweko kama radi pembeni, au vidoti vingi ghafla, au kama pazia linashuka, siku hiyohiyo aende hospitali, asisubiri Jumatatu.

Kuna vitu vingine havisubiri miwani. Mboni inang'aa nyeupe, mara nyingi mnaiona kwenye picha ya simu yenye flashi jicho moja jekundu lingine jeupe, inaweza kuwa saratani ya jicho la mtoto, kesho asubuhi uwe hospitali ya Bugando. Makengeza mtoto hakui akayaacha, msidanganywe. Na jicho moja likiwa bovu na lingine zima, ubongo unaliacha lile bovu linakuwa vivu, na ukichelewa kupita miaka 7 au 8 kuliamsha ni kazi ngumu sana, ndo maana tunapima jicho mojamoja. Wazazi wenye watoto wenye ualbino, mnajua macho yao yanacheza na jua linawasumbua, wengi wana namba pia, miwani itamsaidia kiasi sio chote, kwa hiyo akishapewa bado ana haki ya kiti cha mbele kabisa na maandishi makubwa, na nje kwake ni kivulini na kofia pana.

Nyumbani unaweza kumjaribu hivi. Bandika kalenda ukutani mwisho wa sebule au varanda, hatua kama nane, simama na mtoto na ndugu yake unayejua anaona vizuri. Azibe jicho moja kwa kiganja, asilikandamize, asome tarehe, alafu jicho lingine. Ndugu anasoma yeye hasomi, jibu umepata. Akikwama toboa karatasi ngumu kwa pini, achungulie kwenye katundu hako, akisoma sasa ndo ujue ni shida ya miwani, asiposoma hata hapo usipoteze muda dukani kwa miwani, nenda hospitali kwa daktari wa macho. Na mtoto akipimwa mara ya kwanza asipimwe kwa mashine peke yake, awekewe matone ya kulegeza jicho kwanza, jicho la mtoto lina nguvu ya kujikaza linaidanganya mashine na anaweza kutoka na namba isiyo yake. Wapimaji wapo hospitali ya Bugando, na ya Sekou Toure wapo, uliza hospitali ya wilaya yako siku za kliniki ya macho, na mwenye bima aulize kabisa inalipia nini kabla hajachagua fremu.

Walimu, mtoto akija na miwani siku ya kwanza, mwalimu ndo aanze. Muite mbele asome ubao, darasa lote lisikie anavyosoma, jina la bibi litakufa lenyewe wiki hiyo. Na asihamishwe nyuma eti sasa anaona.

Haya, muda wangu umeisha, mwalimu wa taaluma ananiangalia. Chati yangu ya herufi E nimeibandika darasa la tatu, haihitaji kujua kusoma, mtoto anaonyesha kwa vidole miguu ya E imeelekea wapi. Tunaanza na darasa la nne, alafu la tatu, wenye miwani waje nayo hata kama imevunjika au ilikuwa kabatini, nitaikaza skrubu na kuangalia namba. Nitakayempata na shida nitamwandikia karatasi na nitaongea na mzazi wake hapo hapo, kwa hiyo ukishachukua matokeo usiondoke, pitia kwanza kule nilipo.